Lori Limejaa, Kibali Hakijatoka: Kwa Nini Msaada Hukwama Wakubwa Wakiwa Vitani

Anayeishi Nakuru hahitaji kuelezwa jinsi chakula kinavyosafiri. Malori yaliyopakia Mombasa hupita hapa usiku na mchana, hupumzika Salgaa, kisha hupanda kuelekea Timboroa na Eldoret. Mengine hushika njia ya Malaba kwenda Kampala na Juba, mengine hukata Kitale kwenda Lodwar na Kakuma. Ndani ya matrela hayo, pamoja na saruji, mabati na mitumba, huwamo mtama, mbaazi na mafuta ya kupikia ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Kwa hiyo swali linaloulizwa hapa mjini kila Gaza, Sudan au Ukraine inapotajwa kwenye taarifa ya habari ni swali la watu wanaoijua kazi: chakula kipo, magari yapo, madereva wapo, mbona wasipeleke?

Kinachokosekana ni ruhusa. Lori la msaada likifika kwenye mstari wa vita halivuki mpaka wenye bunduki wa pande zote wakubali livuke: lipite barabara ipi, siku gani, limebeba nini, linasindikizwa na nani. Katika vita vidogo, wakubwa wa dunia wanaweza kuilazimisha ruhusa hiyo. Kamanda mkaidi hupigiwa simu, hutishiwa vikwazo, serikali yake hunyimwa mkopo. Lakini mkubwa mwenyewe akiwa ndiye mpiganaji, au akiwa ndiye anayempa mpiganaji silaha, nani atampigia simu? Hapo ndipo penye fundo.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna kumbukumbu inayotufanya tuone jambo hili kuwa rahisi kuliko lilivyo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya watu walilala katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na uwanja wa Afraha. Msalaba Mwekundu wa Kenya walileta mahema, blanketi na unga. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya mawe na magogo, na watu waliuawa, lakini serikali haikuwa imekataza chakula kuwafikia waliohamishwa. Ulikuwa msiba mkubwa ambao mlango wa msaada wake ulibaki wazi.

Sheria ipo, na ufunguo anao mpiganaji

Watu wengi hudhani hakuna sheria inayolinda msaada vitani. Ipo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, Ibara ya 23, unaitaka nchi iruhusu dawa zipite kwenda kwa raia, hata raia wa adui, pamoja na chakula na nguo za watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na waliojifungua. Ibara ya 59 inalibana jeshi linalokalia nchi ya wengine: wakazi wakipungukiwa, ni lazima likubali mipango ya kuwasaidia. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ikaongeza kwamba ni marufuku kutumia njaa ya raia kama mbinu ya vita. Mei 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani mbinu hiyo katika azimio namba 2417, na wajumbe wote 15 wakaliunga mkono.

Sasa isome Ibara ya 23 hadi mwisho. Nchi inaweza kukataa ikiwa ina sababu nzito za kuhofia kwamba mzigo utaelekezwa kwingine au utamnufaisha adui. Anayeupima uzito wa sababu hizo ni nchi hiyo hiyo. Itifaki ya 1977 nayo inasema msaada utapelekwa kwa makubaliano ya pande zinazohusika, na Marekani haijawahi kuiridhia. Kwa maneno mengine, sheria inamkataza mpiganaji kuwaua raia kwa njaa, kisha inamwachia yeye mwenyewe ufunguo wa ghala.

Ndiyo maana ni nadra kumsikia mpiganaji akitamka kwamba amekataa chakula kiingie. Atasema msafara urudi ukakaguliwe upya. Atasema jenereta ya hospitali inaweza kuendesha mitambo ya kijeshi, bomba la maji linaweza kugeuzwa roketi, dizeli ya pampu itaishia kwenye vifaru. Baadhi ya hofu hizo ni za kweli. Makundi yenye silaha huiba msaada, na maghala ya WFP nchini Sudan yameporwa tangu vita vilipoanza Aprili 2023. Lakini hofu ya kweli na kisingizio huvaa nguo moja, na aliyeko nje hana namna ya kuvitofautisha isipokuwa kwa kuhesabu: yameomba kuvuka malori mangapi, na yamevuka mangapi? Mimi takwimu hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza katika taarifa yoyote, kabla ya kusoma maneno ya msemaji wa jeshi.

Baraza ambalo mshtakiwa ana kura ya mwisho

Mpiganaji akikataa bila sababu, wa kumlazimisha ni Baraza la Usalama. Fikiria mgogoro wa mpaka wa shamba huko Molo ambapo mmoja wa wagombanao ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee, na bila sahihi yake hakuna uamuzi. Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa zimekaa hivyo tangu mwaka 1945. Kila moja inaweza kulizima azimio kwa kura ya turufu, hata azimio la chakula.

Syria ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu mlango ulifungwa polepole, mbele ya macho ya wote. Julai 2014, azimio namba 2165 liliruhusu malori ya Umoja wa Mataifa kuingia kupitia vivuko vinne, viwili kutoka Uturuki, kimoja kutoka Iraq na kimoja kutoka Jordan. Serikali ya Damascus ingearifiwa tu. Haikuwa na uwezo wa kuyazuia. Septemba 2015 Urusi ikaingia vitani upande wa serikali hiyo. Hoja yake barazani ilikuwa kwamba kuvuka mpaka bila idhini ya Damascus ni kuvunja mamlaka ya nchi huru, hoja ambayo si ya kipuuzi; sisi wenyewe tungeudhika malori yakiingia Busia bila kuiuliza Nairobi. Lakini Damascus ilikuwa ikiizingira na kuipiga mabomu miji ile ile iliyohitaji chakula. Januari 2020 vivuko vikapunguzwa vikabaki viwili. Julai mwaka huo kikabaki kimoja, Bab al-Hawa, na mamilioni ya watu wa kaskazini magharibi wakawa wanategemea tundu moja lenye tarehe ya mwisho.

Kisha likaja tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari 2023. Barabara ya kuelekea kivuko hicho kimoja iliharibika. Msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa ulivuka tarehe 9, malori sita. Tunaoishi kando ya barabara kuu tunajua kwamba malori sita hupita hapa dereva akiwa hajamaliza chai yake. Uturuki jirani ilikuwa imejaa magari na vikosi vya uokoaji kutoka kila pembe ya dunia. Julai 2023 Urusi ikapiga kura ya turufu na ruhusa ya Baraza ikafa kabisa. Kuanzia hapo malori yalivuka kwa hisani ya Damascus, hadi Bashar al-Assad alipoangushwa Desemba 2024.

Asidhani mtu kwamba ni tabia ya Urusi peke yake. Marekani imezima kwa turufu maazimio kadhaa ya kusimamisha vita Gaza. Novemba 2024 Urusi ikalizima lile la Sudan lililoandikwa na Uingereza na Sierra Leone. Tangu Aprili 2022 kuna utaratibu mpya: kila turufu inapopigwa, Baraza Kuu la nchi zote lazima likutane ndani ya siku kumi za kazi kulijadili jambo hilo. Aliyeipiga husimama na kujieleza mbele ya dunia, kisha turufu yake inabaki palepale.

Mkono unaolisha na mkono unaopiga

Machi 2024 Rais Joe Biden alitangaza kwamba jeshi la Marekani litajenga gati la kuelea katika pwani ya Gaza. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 230. Mawimbi yalilivunja, likatengenezwa, likaondolewa kwa hofu ya bahari, likarudishwa, na Julai likafungwa likiwa limefanya kazi kwa siku kama 20 tu. Zilipita hapo tani zipatazo 8,800. Kwa trela linalobeba tani 28, la kawaida kabisa katika barabara yetu, huo ni mzigo wa malori yasiyozidi 320. Nchi kavu kulikuwa na vivuko vyenye lami, na nchi iliyovidhibiti ilikuwa ikipokea silaha kutoka Washington.

Linganisha na Berlin. Juni 1948 Umoja wa Kisovieti ulifunga barabara, reli na njia za maji za kuingia Berlin Magharibi, mji wa watu zaidi ya milioni mbili. Marekani na Uingereza zikaamua kuulisha kwa ndege, na zikaendelea hadi Septemba 1949, zikishusha jumla ya zaidi ya tani milioni mbili za chakula, makaa ya mawe na dawa. Kuna saa 24 za Aprili 1949 ambazo zilitua tani zaidi ya 11,000, nyingi zikiwa makaa. Siku moja ya Berlin iliuzidi mzigo wote uliopita katika gati la Gaza. Sisemi Gaza ilihitaji ndege. Ilihitaji malango yaliyokuwepo yafunguliwe. Ninachosema ni kwamba mkubwa akiamua kwamba watu fulani hawatalala njaa, hawalali njaa. Watu wa Berlin Magharibi walikuwa upande wake.

Wale wale waliojua kulisha waliwahi pia kuzuia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilifunga bahari ili chakula kisiifikie Ulaya iliyotekwa na Ujerumani. Ugiriki, iliyokuwa ikiporwa na majeshi ya Ujerumani na Italia wakati huo huo, ikaingia katika baa la njaa la 1941 na 1942. Raia wa Uingereza waliokerwa na msimamo wa serikali yao walikutana mjini Oxford mwaka 1942 wakaunda kamati ya kudai meli za chakula ziruhusiwe. Kamati hiyo ndiyo Oxfam, ambayo miaka mingi baadaye magari yake yangeonekana Turkana. Na kelele za namna hiyo zilisaidia: mwaka huo huo Uingereza ililegeza kizuizi, na meli za Sweden zikaanza kupeleka ngano ya Kanada.

Hata msaada unaporuhusiwa, unaweza kugeuzwa silaha. Machi 2022 watu wa Mariupol, Ukraine, walipokuwa wamezingirwa bila maji wala umeme, njia salama zilitangazwa mara kwa mara na kuvunjika mara kwa mara, kila upande ukimlaumu mwenzake. Baadhi ya njia ambazo Urusi ilipendekeza kwa miji ya Ukraine zilielekea Urusi yenyewe na Belarus. Ukraine ikakataa. Njia ya kuokoka inayokupeleka mikononi mwa anayekupiga mabomu ni sehemu ya vita.

Na wanaoendesha magari hayo? Mashirika huyapa majeshi ramani ya mahali yalipo maghala, hospitali na misafara, ili yasipigwe. Oktoba 3, 2015 ndege ya Marekani iliipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) huko Kunduz, Afghanistan, ikaua watu 42. Jeshi lilikuwa limepewa mahali hospitali ilipo. Aprili 1, 2024 Israel iliyapiga magari ya World Central Kitchen Gaza, ikaua wafanyakazi saba ambao safari yao ilikuwa imeafikiwa na jeshi hilo. Mara zote mbili jeshi lilikiri kosa. Mwaka 2024 waliuawa wafanyakazi wa misaada zaidi ya 380 duniani, wengi wao wenyeji wa nchi zenye vita, watu wa kazi ile ile anayoifanya dereva au utingo wa kwetu.

Lokichoggio

Kwa somo la ruhusa, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1989, baada ya njaa iliyoua watu wengi mno kusini mwa Sudan, Umoja wa Mataifa ulikubaliana na serikali ya Khartoum na waasi wa kusini, SPLA, kwamba chakula kipite pande zote mbili. Kituo chake kikubwa kikawa Lokichoggio, juu kabisa ya barabara inayotoka Kitale. Mji mdogo wa Turkana ukawa na uwanja wa ndege uliosongamana kuliko viwanja vingi vya Afrika, na wafanyabiashara wa Kitale na Eldoret wakapata soko.

Lakini kila mwezi orodha ya viwanja ambavyo ndege zingetua ilipelekwa Khartoum, na Khartoum ilifuta majina. Februari 1998, mapigano yalipopamba moto Bahr el Ghazal, ilifuta jimbo zima kwa wiki kadhaa. Chakula kilikuwa Lokichoggio, marubani walikuwepo, mafuta yalikuwepo. Watu wakafa upande wa pili. Na Khartoum haikuwa hata na kura ya turufu.

Benki, mbolea na mgao wa Kakuma

Kuna vizuizi ambavyo havina mlingoti wala askari. Nchi kubwa ikiwekea kundi au serikali vikwazo, benki huogopa hata kutuma mshahara wa muuguzi katika eneo hilo. Somalia iliuonja uchungu huo. Al-Shabaab ilikuwa imewafukuza WFP mwaka 2010, na sheria za Marekani dhidi ya ugaidi zikayafanya mashirika mengine yaogope kushtakiwa iwapo hata magunia machache yangefika kwa kundi hilo. Baa la njaa lilitangazwa Julai 2011, na utafiti wa baadaye ukakadiria waliokufa kuwa karibu 260,000. Ilichukua hadi Desemba 2022 kwa Baraza la Usalama kupitisha azimio namba 2664 linaloutenga msaada wa kibinadamu na vikwazo vyake vya kifedha.

Mkulima wa Njoro au Moiben anaweza kudhani hayo hayamhusu. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000. Wakati huo WFP, iliyokuwa ikinunua karibu nusu ya ngano yake Ukraine, ililazimika kutafuta kwingine kwa bei ya juu, maana yake sahani chache zaidi Kakuma na Dadaab. Mwaka uliofuata ikaja mbolea ya msaada kutoka kampuni ya Urusi, tani zipatazo 34,000, zilizokuwa zimekwama Latvia kwa sababu ya vikwazo vya Ulaya. WFP ikazileta hadi Mombasa Mei 2023. Ukraine nayo ilikuwa imeanzisha mpango wake wa kutuma nafaka Afrika. Mahasimu wawili, kila mmoja akitaka aonekane ndiye rafiki wa mwenye njaa. Sioni ubaya mkulima kuipokea mbolea hiyo. Shamba halijui siasa. Lakini apokeaye ajue kwamba mzigo ule ulikuwa pia ujumbe kwa nchi zinazopiga kura Umoja wa Mataifa, New York, Kenya ikiwa mojawapo.

Pigo zito zaidi limetoka kwa mfadhili mkuu. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa takriban asilimia 40 ya fedha zote za kibinadamu zilizoorodheshwa na Umoja wa Mataifa. Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje ili ichunguzwe, na Julai 1 USAID ikafungwa rasmi. Jikoni za jamii zilizokuwa zikiendeshwa na vijana wa kujitolea Khartoum zilizima moto kwa wingi ndani ya wiki chache. Kakuma mgao ukapunguzwa. Kisumu, Siaya na Homa Bay, wagonjwa waliozoea kliniki za UKIMWI zilizolipiwa na fedha hizo walianza kuulizana dawa zitatoka wapi. Mfumo uliotegemea mfuko mmoja kiasi hicho ulikuwa hatarini tangu zamani, na serikali zetu zilijua.

Kenya nayo si mtazamaji. Februari 2025 RSF, kundi linalopigana na jeshi la serikali ya Sudan, na washirika wake walitia sahihi mkataba wao Nairobi. Machi, serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na hasara ikawafikia wakulima wa Kericho, Bomet na Nandi. Nchi inayotaka kuwa ghala na njia ya msaada wa ukanda huu lazima iaminiwe na pande zote za vita. Naamini tulipunguza imani hiyo bila sababu ya maana.

Kibali chenyewe kikipatikana, hutazamwa kama mwisho wa tatizo. Adré, kivuko cha kutoka Chad kuingia Darfur, kilifungwa na serikali ya Sudan Februari 2024 kwa madai kwamba silaha za RSF zilipitia hapo. Mwanzoni mwa Agosti wataalamu walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam karibu na El Fasher, na katikati ya mwezi huo serikali ikakubali kukifungua kwa miezi mitatu. Ulikuwa msimu wa mvua. Makorongo yalikuwa yamefurika, na malori yakakwama katika matope. Muda ukaongezwa miezi mitatu mingine, ukaongezwa tena. Mahindi ya H614 yaliyopandwa Trans Nzoia mwezi wa Aprili huvunwa kuanzia Oktoba. WFP, inayolazimika kuagiza mtama, kuutafutia meli, kuushusha Douala na kuuvusha Cameroon na Chad yote hadi Adré, ilipewa nusu ya muda huo, na kila mara, kabla haujaisha, ilibidi iamue kama ipakie meli nyingine au la.